Hema Ziwa Chala au chumba Marangu?

Ukitoka Moshi na familia, kote unapitia Himo. Marangu ni chumba: kitanda, blanketi zito, chai asubuhi, kisha mwendo mfupi hadi maporomoko ya Kinukamori. Baridi ya Julai huko si mchezo. Lango la kupandia Kilimanjaro liko juu ya mita 1,800.

Chala ni hema ukingoni mwa kreta, mpakani na Kenya. Kuna joto zaidi, na usiku nyota ni tele (mahali penye taa utaziona wapi?). Tatizo ni kuta za ziwa, zimeteremka vibaya. Mtoto mtundu atakunyima usingizi. Maji ya kunywa na mkaa beba mwenyewe.

Mwenye mtoto mchanga, nenda Marangu. Wakubwa walale Chala usiku mmoja, kesho yake mpande Marangu mkaoge maji moto.