Nalipia mtambo wa kutafuta makala, halafu naambiwa nitafute mwenyewe

"Kama kuna makala unayoitaka, itafute mwenyewe dada." Hilo ndilo jibu la huduma kwa wateja wa mtambo ambao kazi yake, na sababu ya mimi kukatwa hela kila mwezi, ni kunitafutia makala. Nimelisoma mara nyingi kuliko utangulizi wa tasnifu yangu na bado linaniwasha.

Kwa asiyeufahamu: unaandika swali la utafiti, unasubiri kidogo, unaletewa orodha ya machapisho, muhtasari wa kila moja na jedwali lililokwisha jazwa. Mengine yako kwenye matangazo yao, mimi siwapigii debe.

Swali langu lilikuwa hivi: kupaka klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, kwenye kitovu cha mtoto mchanga kunapunguza vifo au hakupunguzi? Anayefanya kazi ya mama na mtoto anajua kwamba hapo pana mvutano. Jaribio la Nepal la 2006, kisha ya Bangladesh na Pakistan mwaka 2012, yaliwapa watu matumaini makubwa. Mwaka 2016 The Lancet Global Health likachapa majaribio mawili ya kwetu Afrika, moja la Zambia na jingine la Pemba. Pemba peke yake walishiriki watoto zaidi ya 36,000. Kati ya waliopakwa dawa walifariki 10.5 kwa kila 1,000, na kati ya walioachwa kitovu kikavu walifariki 11.7, tofauti ndogo ambayo kitakwimu huwezi kuijengea hoja. Zambia nako dawa haikupunguza vifo. Kwa hiyo Asia inasema hivi, Afrika inasema vile, na mapitio yangu ya tafiti yote yamesimama juu ya mgongano huo: wangapi wanajifungulia nyumbani, vifo vya watoto vilikuwa juu kiasi gani kabla ya dawa, watu wanapaka nini kitovuni kwa mazoea. Shirika la Afya Duniani lenyewe, katika miongozo yake ya 2022, limeibakiza dawa hii kwa mazingira ambako kitovu hupakwa vitu vya hatari kama kinyesi cha mnyama.

Orodha ikaja. Nepal ipo juu kabisa. Bangladesh ipo, Pakistan ipo. Yapo mapitio ya zamani yaliyoandikwa kabla ya 2016. Zipo na makala za klorheksidini ya kusukutua mdomo! Pemba hakuna. Zambia hakuna. Yaani mtambo umeona fizi za watu wazima zinahusiana na kitovu kuliko watoto wa Pemba. Ningekuwa sijui mada, ningeandika kwa kujiamini kabisa kwamba dawa inaokoa maisha kila mahali, na msimamizi wangu angenichana vipande.

Nikawaandikia kistaarabu. "Habari kaka, naona majaribio mawili makubwa hayamo." Akaniita ndugu mteja, akasema matokeo hupangwa kwa ubora. Nikauliza ubora unapimwaje. Kimya kirefu, halafu: idadi ya mara makala ilivyonukuliwa. Kaka, huo si ubora, huo ni umri! Mzee lazima awe na wajukuu wengi kuliko kijana. Nilipomwambia hivyo ndipo ndugu mteja akageuka dada, na dada akaambiwa akatafute mwenyewe.

Basi nikatafuta. PubMed, hifadhidata ya makala za tiba, ya bure, ya maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani. Nikaandika klorheksidini kwa Kiingereza, nikaweka AND, kisha kwenye mabano kitovu kwa majina yake mawili matatu yaliyounganishwa kwa OR, basi. Sikuweka hata jina la nchi. Pemba ikatokea, Zambia ikatokea, na zote mbili zinasomeka bure hadi nukta ya mwisho kwa sababu jarida lile halimtozi msomaji. Kwa majarida yanayotoza, vyuo vingi vya Tanzania vina Hinari, mpango wa kuwafungulia wasomaji majarida hayo ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, unamwomba mkutubi nenosiri unaingia. Sasa mimi nalipia nini?

Nilikuwa nimepanga kusema jedwali lao angalau ni zuri. Na kwa macho ni zuri kweli: nchi, mwaka, idadi ya washiriki, kila kitu mahali pake. Ila nikaisoma ile safu ya kupima kama utafiti unaaminika. Palipoulizwa iwapo washiriki walifichwa wamo kundi gani, kila mstari umejazwa "ndiyo". Bangladesh ndiyo! Kundi moja linapakiwa dawa kitovuni, jingine linaambiwa lisipake chochote. Mama huyo unamfichaje? Hapo hakuna aliyesoma makala, mtu au mashine. Na hii ndiyo safu ambayo mwanafunzi aliyechoka huinakili kama ilivyo usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi.

Kwa hiyo nyota moja. Nilitaka kutoa mbili, nimeghairi nilipofika kwenye hiyo "ndiyo" ya Bangladesh.

Ingawa, haki yao niwape: kuondoa makala zilizojirudia wanajua. Nimewapakia matokeo ya PubMed pamoja na ya hifadhidata nyingine mbili, na jina la mwandishi mmoja limeandikwa kwa namna tatu tofauti, wakazikamata zote kabla sijamaliza chai. Kwa mkono ni kazi ya kukutoa machozi. Kama wangeuza hicho tu, na kwa bei ya chini, ningekaa kimya.

Mwenzangu wa darasani anataka kujiunga, anasema ana haraka. Nimemwambia asilipe. Akinisumbua sana nitampa nenosiri langu, aondolee makala zilizojirudia, na ile safu ya "ndiyo" asiiguse.