Fizio wa wodi Kisumu: huyu alisoma faili kwanza ndo akamgusa mzee

Nyota 4 kati ya 5. Hiyo moja nimekata nitasema mbele kwa nini.

Naongea kuhusu fizio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) wa wagonjwa waliolazwa, si ile kliniki ya nje ya watu wa mgongo na magoti, ju mgonjwa wetu si wa shida moja. Mzee wangu ana miaka 71, alikuwa mkulima wa mchele Ahero, ana presha, ana sukari ya kudunga insulini, figo zilichoka akaanza dialisisi kila Jumanne na Ijumaa, halafu kiharusi kikamshika upande wa kushoto. Mtu kama huyo ukimwambia tu "simama tufanye mazoezi" unaweza kummaliza.

Na hiyo nasema nikijua, ju mahali tulianzia (sitataja) kijana wa fizio alikuja jioni ya siku ya dialisisi, mzee ametoka kwa mashine hata kichwa hainui, hakuuliza kitu, hakufungua faili, akamshika mkono wa kushoto akamvuta asimame. Mkono wa kushoto! Ndo ule umelegea na ndo huo huo uko na fistula ya dialisisi, yaani mishipa ya damu iliyounganishwa kwa upasuaji, pale sindano za mashine zinaingia. Mzee macho yakageuka akaanguka nyuma kwa kitanda, na bega likamuuma wiki mbili. Tangu hapo akisikia neno fizio anageukia ukuta.

Sasa hapa tulipohamia, fizio ni mama wa makamo hivi, alikuja Jumatano asubuhi. Alisimama pale kwa meza ya manesi na faili ya mzee karibu robo saa nzima, mimi nikaanza kukasirika nikidhani anapoteza muda, kumbe hapo ndo kazi imeanza. Aliuliza sista siku za dialisisi ni gani, damu iko ngapi, potasiamu ilikuja ngapi mara ya mwisho, sukari ya asubuhi imepimwa saa ngapi. Ilikuwa 4.6. Akasema hapana, akianza kujikaza na hiyo 4.6 na insulini iko mwilini itashuka zaidi, apewe uji kwanza, mimi nitarudi. Na akarudi kweli, baada ya nusu saa.

Akamsalimia "Oyawore, Baba", akavuta kiti akakaa chini kidogo ya usawa wa macho yake, hakumgusa. Akamuuliza yeye mwenyewe, si mimi, ni kitu gani anataka sana kufanya akirudi nyumbani. Mzee alinyamaza weee, halafu akasema choo. Anataka kwenda choo bila kushikwa na watoto wake. Basi maswali yote yakafuata hapo: choo kiko umbali gani na nyumba, ni cha kuchuchumaa ama cha kukaa, mlangoni kuna ngazi ngapi (kwetu ziko tatu, nyumba tuliinua ju ya mafuriko), usiku kuna taa, nani anabaki na yeye mchana. Mimi sijawahi kuona mtu wa hosi akiuliza choo chetu kiko wapi na akaandika.

Ndo sasa akaanza kupima. Presha kwa mkono wa kulia pekee, ule wa fistula hafungi mashine, aliweka tu vidole juu yake kusikia kama bado inatetema. Akalinganisha vigimbi vya miguu yote miwili kwa tepu, akasema damu ikiganda mguuni huwezi kumtembeza bila daktari kuangalia. Akamfumbisha macho akamgusa nyayo na kiuzi cha plastiki, na mguu wa kushoto mzee hakusikia kitu sehemu mbili, kwa hivyo akatuambia viatu vya kufunika, sandals za wazi hapana, na nyayo zikaguliwe kila jioni. Nguvu za misuli anapima 0 mpaka 5, mguu wa kushoto ulipata 3, yaani anaweza kuuinua juu lakini ukiukandamiza kidogo unashindwa. Mkono ukapata 1, unatikisika tu. Hiyo 1 iliniuma lakini nashukuru alisema ukweli.

Halafu presha akiwa amelala, namba ya juu 148. Akakalishwa ukingoni mwa kitanda miguu chini, baada ya dakika chache ikasoma 122 na mzee akasema anaona giza. Akamlaza pole pole akasema leo tumefika hapo. Mimi nilitaka asimame jamani, tulingoja siku nyingi! Akanieleza kwamba ikishuka 20 ama zaidi mtu akiinuka, na tena anasikia kizunguzungu, kumsimamisha ni kutafuta kuanguka, acha aongee na daktari kuhusu dawa za presha na maji yanayotolewa kwa dialisisi. Nikaunganisha na yale ya kule kwingine, kumbe hii kitu ingepimwa na dakika tano tu.

Dawa zikabadilishwa, Jumatatu iliyofuata akasimama na fremu ya kutembelea na mshipi mpana kiunoni, sekunde kama kumi hivi. Wiki ya pili hatua sita. Anapangiwa siku ambazo hana dialisisi.

Ile nyota nimekata: wikendi hakuna fizio kabisa, na ni yeye mmoja kwa wodi kadhaa, kwa hivyo siku zingine anafika saa nane wakati mzee ashachoka. Pia maagizo ya nyumbani tulipewa kwa Kiingereza, ilibidi niyaandike upya ndo mamangu ayasome. Na pazia kati ya vitanda hazitoshi, mzee alikuwa anaona aibu kufunuliwa miguu watu wakipita.

Kama unapeleka mgonjwa wa hivi, ingia na karatasi ya dawa zote, siku za dialisisi, na picha ya mlango na choo cha nyumbani kwa simu. Mimi picha nilitumiwa na shemeji kutoka Ahero, fizio akaziangalia moja moja, na sai mzee anafundishwa kupanda kangazi ka mbao kenye urefu sawa na ngazi yetu ya kwanza.