Cherehani ya kushonea mfarishi sikukuu hii: pima uwazi kwanza

Desemba iliyopita fundi wangu alikuwa ameelemewa na nguo za sikukuu za watoto wa mtaa mzima, nikaamua kushona mwenyewe. Nikanunua kicherehani kidogo cha plastiki, cha umeme, hapa hapa Dodoma mjini. Nilikuwa na gunia la vipande vya vitenge na blanketi kuukuu la kuweka katikati. Nia yangu ilikuwa mfarishi, yaani tandiko la viraka juu, blanketi katikati na kitambaa chini, wa kitanda cha futi tano kwa sita.

Kuunga viraka hakukunisumbua. Kazi ilikuja kwenye kushona tabaka zote tatu pamoja. Mfarishi wa futi tano ukitaka kuupitisha mshono katikati, futi mbili na nusu lazima zikunjwe zipite chini ya mkono wa cherehani, kulia kwa sindano. Pale hata ngumi yangu ilipita kwa shida. Nikasukuma, kitambaa kikavutika, sindano ikapinda, ikagonga bati lililo chini yake, ikakatika. Sindano nne usiku mmoja.

Kwa hiyo mambo ya taa na wingi wa mishono sitayagusa, muuzaji atakuambia bila kuulizwa. Wewe pima ule uwazi kati ya sindano na nguzo ya kulia. Nenda dukani na taulo kubwa, likunje kama mkeka, lipitishe. Likigoma, ondoka.

Ya kwanza kwangu ni Butterfly ya mguu, ile ya kichwa cheusi cha chuma, na nasema wazi kwamba naipenda. Uwazi wake unakaribia shubiri yangu. Inashona mshono wa moja kwa moja tu, na mfarishi hauhitaji mwingine. Umeme ukikatika unaendelea. Bobini (kile kigurudumu cha uzi wa chini), sindano na mkanda wake unavipata hapa Majengo bila kuzunguka, na karibu kila fundi anaijua. Kwa upepo wetu wa Dodoma, fungua bati kila wiki, futa vumbi na nyuzi kwa brashi, kisha tone la mafuta. Mkanda ukilegea, ukate kidogo uufunge upya.

Ya pili ni Singer za Heavy Duty. Ndani zina fremu ya chuma, zinafika mishono 1,100 kwa dakika, na uwazi ni inchi sita na kidogo. Zinatumia bobini ya plastiki, usije ukaweka ya chuma. Ila bila umeme umekaa.

Ya tatu ni mitumba ya Japani. Nyingi ni imara na zina uwazi mzuri, lakini umeme wa kwao ni volti 100, wetu ni 230. Soma kibati cha nyuma kabla hujalipa. Mimi niliambiwa, "Dada, chomeka tu, haina shida." Ina shida: bila transfoma inaungua.

Vile vidogo vya plastiki ni vya kupindia pazia.

Kinachoniumiza ni wauzaji wetu. Cherehani niliyoiulizia bei Oktoba, Desemba ilikuwa imepanda elfu hamsini, ileile, boksi lilelile na vumbi lake. Wanajua akina mama tunashona msimu huu. Halafu ukiomba kujaribu unapewa kitambaa chao chembamba kilichokwisha kuwekwa chini ya sindano. Nacho hata cherehani mbovu itakishona. Nilipotoa taulo langu, mmoja alinizuia kwa mkono, akasema nitaharibu mashine. Mashine ya kuharibiwa na taulo itanishonea nini? Na risiti wanaandika kwa mkono mpaka udai ya EFD, ile ya mashine ya kodi, wakati bila hiyo huna pa kushika ukirudi kulalamika.

Butterfly yangu niliinunua Februari, bei ikiwa imeshuka. Ule mfarishi niliumaliza Pasaka, kwa sindano ileile niliyoanzia nayo kwenye Butterfly.