Walimfutia baba mvumo wa ilimba: uzoefu wangu wa kuhamisha kaseti Dodoma

Kama una kaseti ya mzazi wako, usimwachie mtu ukaondoka. Mimi niliondoka.

Ni kibanda kimoja karibu na soko la Majengo, wanahamisha kaseti kwenye flashi. Nilipeleka ya marehemu baba kabla mvua hazijaanza. Aliirekodi akiwa manamba kwenye mkonge huko Korogwe, akaituma nyumbani Mvumi kwa mkono wa mtu, maana kuandika hakujua. Anapiga ilimba, ala yetu Wagogo ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba juu ya ubao, na kuimba Kigogo. Anaulizia ng'ombe mmoja mmoja kwa rangi yake, anaulizia mbuyu wa nyuma ya nyumba, anauliza siku hizi nani anachota maji korongoni. Wimbo ule ndio uliotulaza sisi watoto.

Siku ya kuchukua nikaweka spika masikioni. Ilimba inalia kama mlio wa simu! Mvumo wake haupo. Kwa asiyeijua: ubao wa ilimba hutobolewa tundu, tundu likazibwa kwa utando wa buibui, ili chuma kikiguswa utando nao utetemeke na sauti itoke na mkoromo. Mkoromo ule ndio ilimba yenyewe. Msikilize marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, mzaliwa wa Doguya aliyefia Bagamoyo mwaka 2003, utausikia.

Kijana akanijibu macho yakiwa kwenye simu: "Mama, hizo zilikuwa kelele. Nimekutolea bure."

"Mwanangu, hizo si kelele."

"Sasa si ungesema mapema? Na Kigogo chenyewe nani anasikiliza siku hizi?"

Waliokuwa wanasubiri wakacheka. Hapa hapa Dodoma, kwenye ardhi ya Wagogo! Nikalipa shilingi 15,000 nikatoka bila kuaga, na sikulelewa hivyo.

Ningeandika usiku ule mngesoma matusi tu. Lakini niliisikiliza tena kitandani, na haki ya Mungu sauti ya baba imetoka safi. Kuna ubeti ambao miaka yote tuliusikia kama mgumio. Sasa yanasikika maneno: anamwita mama kwa jina lake la usichana, anamsihi asirudi kwa kaka zake kabla yeye hajafika. Nikampelekea mama Mvumi. Akasikiliza, akasema nirudishe pale. Nikarudisha. Akasema tena.

Kwa hiyo nawasifu? Kwa ubeti ule, ndiyo, na ningelipa hata mara mbili. Nikikumbuka kile kicheko, ningesema msikanyage pale. Lakini mwenye mashine ya kaseti inayofanya kazi mjini hapa mimi namjua huyo mmoja tu, na mama, baada ya kufuta machozi, aliniuliza swali moja: "Mbona ilimba ya baba yako haivumi?"

Jumatatu narudi na kaseti. Ahamishe upya, asisafishe kitu, na mimi nitakuwa kwenye stuli pembeni yake mpaka amalize.