FutureBuilder au StreamBuilder: ipi ya kuonyeshea majibu ya seva kwenye Flutter?

Flutter ni zana ya kutengenezea programu za simu, na hizi mbili ni vijenzi vyake vya kuchora skrini kwa data inayochelewa kufika. FutureBuilder hungoja jibu moja tu, kama orodha ya bidhaa. StreamBuilder huchora upya kila data mpya inapoingia, hivyo inafaa gumzo au salio linalobadilika.

Kosa kubwa kwenye FutureBuilder ni kuita seva ndani ya build, sehemu ya msimbo inayochora skrini. Kila setState (amri ya kuchora upya) ikiitwa, ombi linatumwa tena, alama ya kusubiri inarudi, na bando la mtumiaji linaliwa bure. Anzisha ombi kwenye initState, inayoendeshwa mara moja tu mwanzoni, lihifadhi kwenye kigeu (variable), kisha ipe FutureBuilder kigeu hicho.

StreamBuilder huacha kusikiliza yenyewe skrini ikifungwa, lakini StreamController (kinachoitumia data) uliyoiunda lazima uifunge mwenyewe kwenye dispose, inayoitwa skrini ikiondolewa.

Kwa zote mbili, kagua hasError (kama kuna kosa) pia. Ukitegemea hasData (kama data imefika) peke yake, mtandao ukikatika duara la kusubiri litazunguka bila kikomo.