Kamusi nne za Kiingereza na neno la kudorora kwa viwanda

Anayesoma habari za uchumi kwa Kiingereza hukutana mara kwa mara na neno deindustrialization, na kwa kuwa viungo vyake vinaonekana wazi, kiambishi cha kuondoa kikitangulia neno la ujenzi wa viwanda, wengi hulipita wakiamini kwamba wameshalielewa. Ndiyo maana nimeona linafaa kuzipima kamusi za mtandaoni. Nimeziangalia nne, yaani Cambridge, Merriam-Webster, Collins na Oxford English Dictionary, nikitaka kujua kama msomaji akishafunga ukurasa ataweza kulitumia neno hilo bila kupotosha maana.

Cambridge ndiyo inayoeleweka upesi zaidi. Kwa maelezo yake, huu ni mchakato ambao nchi au eneo huacha kuwa na viwanda kama chanzo chake kikuu cha kazi au mapato. Naisifu hasa kwa kulitaja eneo kando ya nchi, kwa sababu mambo haya huanza kuonekana katika mji kabla ya kuonekana katika takwimu za taifa. Tarehe 19 Septemba 1977 kampuni ya Youngstown Sheet and Tube ilitangaza kufunga sehemu kubwa ya kiwanda chake cha chuma cha Campbell, katika jimbo la Ohio, na watu wapatao 5,000 wakapoteza ajira. Marekani yenyewe iliendelea kuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa duniani, lakini kwa wakazi wa Youngstown neno hilo lilikuwa na maana kamili tangu siku hiyo.

Udhaifu wa maelezo hayo uko mwishoni, pale kazi na mapato vinapowekwa pamoja kana kwamba hupanda na kushuka kwa pamoja. Mwaka 1979 viwanda vya Marekani viliajiri watu wapatao milioni 19.5, mwanzoni mwa mwaka 2010 walikuwa wamebaki chini ya milioni 12, ilhali thamani halisi ya bidhaa zilizozalishwa ilikuwa kubwa kuliko ya mwaka 1979, kwa kuwa mashine na mbinu mpya ziliwezesha wafanyakazi wachache kuzalisha zaidi. Je, hapo viwanda vimedorora? Anayehesabu ajira atajibu ndiyo, anayehesabu bidhaa atajibu hapana, na wapo wanaopima sehemu ya viwanda katika uchumi mzima, ambayo inaweza kupungua kwa sababu tu huduma zimekua haraka zaidi. Mabishano mengi juu ya jambo hili yangekwisha mapema kama kila upande ungetaja kwanza unachokipima. Kamusi ya wanafunzi haiwezi kubeba mjadala huo wote, lakini sentensi moja ya tahadhari ingetosha.

Merriam-Webster inaeleza kuwa ni kupunguzwa au kuharibiwa kwa uwezo wa kiviwanda wa taifa. Msomaji wa leo anaweza kuona neno la kuharibiwa limezidi ukali, lakini kwangu ndilo lenye thamani kubwa zaidi katika maelezo hayo, kwa sababu linahifadhi maana ambayo vyombo vya habari vimekaribia kuisahau. Mwaka 1944 Henry Morgenthau, waziri wa fedha wa Marekani, alipendekeza kwamba Ujerumani ikishashindwa vitani inyang'anywe viwanda vyake vizito na kugeuzwa kuwa nchi ya kilimo na ufugaji. Huo haukuwa udororaji wa polepole, bali mpango wenye mwandishi na sahihi. Wanahistoria hulitumia neno hilihili kwa India ya karne ya 19, ambako wafumaji wa nguo walishindwa kuhimili vitambaa vya bei nafuu kutoka Lancashire, Uingereza, chini ya utawala wa Kiingereza, ingawa wachumi wanaendelea kubishana juu ya ukubwa wa hasara hiyo.

Sarufi inashuhudia sura hizo mbili. Kitenzi deindustrialize hutumika bila yambwa, nchi ikipoteza viwanda vyake yenyewe, na pia pamoja na yambwa, mtu au dola ikiviondoa viwanda vya nchi nyingine. Anayetafsiri asipoiangalia tofauti hiyo atamwondolea mtendaji lawama au atambebesha asiyestahili. Wachumi Barry Bluestone na Bennett Harrison, waliolieneza sana neno hili Marekani mwaka 1982, walikuwa na mtendaji akilini: walizungumzia uondoaji mpana wa mtaji katika uwezo wa msingi wa uzalishaji, yaani uamuzi wa wenye kampuni. Mchumi Dani Rodrik, katika makala yake ya mwaka 2015, alizungumzia hali hiyo ikija kabla ya wakati, pale nchi zinazoendelea zinapoanza kupoteza viwanda zikiwa bado na kipato kidogo kuliko kile ambacho nchi zilizotangulia zilikuwa nacho.

Kwa upande mwingine, Merriam-Webster imelifunga jambo hili katika mipaka ya taifa, na kwa kipimo hicho Youngstown haionekani. Mifano yake ya sentensi za karibuni hukusanywa kwa mashine kutoka mtandaoni. Inaonyesha neno likiwa kazini, lakini haikuchaguliwa kwa ajili ya kufundisha.

Collins ina mchoro wa jinsi neno lilivyotumika miaka hadi miaka, nao unapendeza kuutazama, mradi msomaji akumbuke kwamba hayo ni maandishi yaliyohesabiwa, si viwanda.

Oxford English Dictionary ni ya daraja jingine, kwa kuwa hupanga maana kwa kufuata historia na kuziunga mkono kwa nukuu zenye tarehe. Kasoro yake ni malipo ya usajili, ambayo ni mzigo kwa mtu mmoja. Mwenye uanachama wa maktaba ya chuo aulize kama maktaba yake imelipia.

Kwa mwanafunzi napendekeza Cambridge kwanza, kisha Merriam-Webster papo hapo, kwa sababu kila moja inaziba pengo la mwenzake. Mtafsiri asitosheke nazo. Asilichanganye neno hili na recession, ambalo ni mdororo wa uchumi unaopita, na kiwanda kilichopunguza zamu kinaweza kuzirudisha oda zikirudi. Wala asilibadilishe kwa Rust Belt, ambalo ni jina la ukanda wa Marekani uliopoteza viwanda vyake na si la mchakato. Na anapotafuta mifano zaidi, atafute kwa z na kwa s, kwa sababu magazeti mengi ya Uingereza huandika deindustrialisation, wengine wakiweka na kistari baada ya de.