Renjifainda mpya ya filamu ya 120: tetesi tamu, ila tuipime kwanza

Haya, tetesi zimerudi tena, eti renjifainda mpya (kamera unayofokasi kwa kulazisha picha mbili dirishani) ya midiamu fomati, yaani ya filamu pana ya 120 yenye fremu kubwa kuliko ile ya kawaida ya 35mm, inapikwa mahali, na kila mtu keshaichora kichwani kwake, mara ina lenzi tano, mara ina mita ya mwanga, mara inakunjwa inaingia kwenye koti. Kamera ambayo hatujaishika siwezi kuipa nyota, kwa hiyo naipima hiyo tetesi yenyewe kwa kamera zilizowahi kutengenezwa.

Kwanza haiko mbali na akili. Leica wameirudisha M6, kamera yao ya zamani ya filamu, mwaka 2022, Pentax wametoa Pentax 17 mwaka 2024, mpya kabisa, ya filamu. Sawa. Lakini angalia hiyo Pentax imefanyaje, fokasi yake unachagua alama za umbali, karibu, kati, mbali, basi, na kwa kuwa fremu yake ni ndogo, nusu ya ile ya kawaida, ukikosea kidogo picha bado inakubali. Sasa leta mchezo huo kwenye 6x7, yaani fremu ya kama sentimita 6 kwa 7, ambayo eneo lake ni kama mara nne na nusu ya 35mm, lenzi ya 80mm ukiifungua yote kwa mtu aliyesimama karibu, macho yakiwa safi masikio yameshaondoka. Huko hakuna kukisia bana.

Kwa hiyo lazima iwe renjifainda ya kweli, na hapo ndo pagumu. Lenzi ikizungushwa inasukuma mkono mdogo ndani, mkono unageuza kioo, picha ya pili inateleza mpaka ilale juu ya ya kwanza, na mkono ukipishana kidogo tu kila picha inatoka na ukungu hata kama wewe umefanya kila kitu sawa. Kila kamera inabidi ikae mezani kwa fundi irekebishwe kwa mkono. Anayeniambia itakuwa ya bei ya chini namuuliza huyo fundi atalipwa na nani.

Afu hili la kubadilisha lenzi. Wote wanataka Mamiya 7 nyingine, ile ya 1995, na mi nawaelewa, lenzi ya 43mm ya ile kamera ni balaa. Ila kumbuka shata, kile kinachofunguka kuruhusu mwanga, iko ndani ya lenzi, kwa hiyo kila lenzi inakuja na shata yake, na kabla hujaitoa unafunga pazia la ndani kwa kitasa cha chini, la sivyo filamu inakula mwanga. Shata nyingi, umeme mwingi, pazia, yaani unaongeza vya kuharibika. Kwangu mimi iwe na lenzi moja isiyotoka, imeisha hiyo.

Mfano upo. Fujifilm na Cosina walitoa GF670, ikauzwa pia kwa jina la Voigtländer Bessa III, lenzi 80mm f/3.5, inakunjwa kwa mvukuto, unachagua 6x6 au 6x7 kabla ya kuweka filamu. Nzuri sana ile, kimya, ukibonyeza hata unayempiga anauliza kama tayari. Kasoro yake kwangu ni huo mvukuto, kitu cha kukunjwa kila siku kinachoka. Upande mwingine kuna Fuji GW690, ile inayoitwa Texas Leica, haina mita, haina betri, picha 8 kwa roli, kubwa kama tofali lakini haina mambo mengi. Mpya ikikaa katikati ya hizo mbili, lenzi isiyokunjwa kama ya GW690, mwili mdogo wa 6x6, mita ndogo ya kusoma mwanga tu na shata inayofanya kazi hata betri ikifa, mi niko foleni.

Ikija na skrini, au fokasi ya kukisia halafu waiite renjifainda, hapana, asante.

Na kama huwezi kusubiri ukaamua kuchukua Mamiya 7 iliyotumika, elekeza kwenye kitu cha mbali sana, lenzi izungushwe mpaka mwisho kabisa wa upande wa mbali, uone kama zile picha mbili zinalaliana. Zikipishana, bei ya fundi iingie kwenye mazungumzo kabla hujatoa hela.